Mathenge Wawili wa Ndung'u

Shamba la Juu, Dundori
Kwa mkono wa Shabir, dukani, Posta ya Lanet
Tarehe 4 mwezi wa tatu, 1956

Kwa mwanangu mpenzi Wangu,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, zikukute mzima, umeshiba na umevaa sweta. Mimi mama yako ni mzima, mgongo tu ndio unaniuma kwa kuinamia pareto. Mama Wachuka wa nyumba ya pili anakusalimu. Wachuka mdogo anakusalimu, sasa anahesabu mpaka ishirini, lakini kumi na nne anairuka kila mara, sijui ilimkosea nini. Kaka yake Ndung'u alipita hapa kutoka Naivasha, amenenepa, anasema barua yako aliipata. Chepkemboi wa maziwa anakusalimu. Karani Makokha anakusalimu kwa Kiingereza, maneno yenyewe nimeyasahau. Shabir anauliza utarudi lini umfundishe binti yake hesabu. Mbuzi wako mweupe amezaa mtoto mmoja, naye ni mzima.

Baba yako sijui kama ni mzima, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Kaa chini kwanza. Usisome ukiwa umesimama njiani kama kawaida yako.

Ijumaa tulikuwa tumepanga mstari mbele ya ofisi ya shamba, tukingoja tiketi zetu zitiwe alama ya siku. Makokha akatoka na karatasi ya serikali. Akasoma jina, akasoma namba, akasoma tarehe. Akasema, Mathenge wa Ndung'u amefariki kambini tarehe tisa mwezi wa kwanza kwa homa, jamaa zake waarifiwe. Mimi nikasimama. Mama Wachuka naye akasimama.

Makokha akatutazama. "Mbona mnasimama wawili? Huyu mtu alikuwa na wake wawili?"

Mama Wachuka akasema, "Kila mmoja ana mume wake."

"Basi wako anaitwaje?"

"Mathenge wa Ndung'u."

"Na wewe Wanjugu, wako?"

"Mathenge wa Ndung'u," nikasema.

Akavua miwani akaifuta kwa shati. "Nyinyi watu wa Nyeri mtaniua. Baba mmoja anaitaje watoto wake wawili jina moja? Akiita mmoja, nani anaitika?"

Chepkemboi akadakia kutoka nyuma, "Wote wawili! Kazi inakwisha haraka." Watu wakacheka. Mwanangu, mimi mwenyewe nilicheka, sijui kicheko kilitoka wapi.

Nikamweleza taratibu, maana yeye ni Mluhya na hayo hayajui. Nikamwambia mzee Ndung'u alioa wake wawili, Wangu na Wachuka. Kila mke, mtoto wake wa kwanza wa kiume ni lazima apewe jina la babu yake, na babu alikuwa Mathenge. Kwa hiyo nyumba ya Wangu ikazaa Mathenge, na nyumba ya Wachuka ikazaa Mathenge, na hakuna aliyekosea. Sisi tunawatofautisha kwa mama zao. Mume wangu mimi ni Mathenge wa Wangu, ndiyo maana wewe ukaitwa Wangu. Mume wake yeye ni Mathenge wa Wachuka.

Makokha akaitazama ile karatasi juu na chini. Akasema, "Serikali haiandiki mama." Basi. Akatupatia karatasi tuishike wenyewe. Kitabu cha zamani chenye namba za vipande vyao, vile vyeti vya kazi, kilikwenda na yule bwana wa kwanza alipouza shamba, kwa hiyo hapa ofisini hakuna la kulinganisha.

Walichukuliwa pamoja na askari kwa lori moja kupelekwa kizuizini, unakumbuka. Sasa mmoja amekufa na hatujui ni yupi. Kemboi, yule dereva wa lori la maziwa, anasema askari mmoja alimpa habari stesheni, kwamba aliyekufa alikuwa mtu mfupi. Baba yako ni mrefu. Lakini Kemboi naye maneno yake unayajua, juzi alisema ameona simba kumbe ni ng'ombe wa Lanet.

Mama Wachuka Ijumaa hiyo alichukua blanketi lake na mtoto akaja kwangu. Hatukuwa tukipatana sana, tangu yale maneno ya kuku. Lakini alikuja, nami nikamsogezea kiti. Tunapika sufuria moja. Tukitoka pareto tunatembea pamoja. Karatasi nimeiweka ndani ya Biblia yangu ndani ya sanduku, haiwezi kuloa wala kuliwa.

Wewe umesoma. Niambie, mtu afanyeje ajue? Andika kwa Kiswahili, usiandike kwa lugha yetu, maana barua za lugha yetu zinakaa ofisini mjini wiki tatu zikingoja mtu wa kuzisoma kwanza. Jibu upesi sana, hata kama ni karatasi nusu.

Ni mimi mama yako,
Wanjugu


Chuo cha Walimu wa Kike
Nyanza Kaskazini
14 Machi 1956

Mama yangu mpenzi,

Barua yako niliisoma nimekaa chini, kama ulivyoniambia, halafu nikashindwa kuinuka. Wasichana walinikuta sakafuni katikati ya vitanda wakafikiri ni malaria. Sikuwaambia. Humu chuoni ni mimi peke yangu ninayetoka upande wetu, wengine wote ni wa huku, wananipenda na wananicheka ninavyotoa miiba ya samaki kama mtu anayetegua bomu. Nikianza kueleza Mathenge wawili sitamaliza kabla ya kulia.

Wasalimie wote uliowataja, na Mama Wachuka umsalimie mara mbili.

Mama, sikiliza. Mwalimu wetu wa historia, Bi Nanyama, ametupa kazi muhula huu. Kila mmoja aandike habari ya jambo moja lililotokea kwao, na kila neno aseme amelitoa kwa nani. Wiki iliyopita alituuliza ile njaa kubwa ya huku ilikuwa mwaka gani. Tukaleta miaka minne, kila msichana na mzee wake, na kila mzee anaapa. Tukaanza kugombana ni mzee wa nani anayejua. Bi Nanyama akatunyamazisha, akasema tusimsikilize mwenye sauti kubwa, tuulize mtu huyo alikuwa amesimama wapi siku jambo lilipotokea. Aliona kwa macho yake au aliambiwa? Kama aliambiwa, na nani, na huyo naye alikuwa wapi? Zimepita siku ngapi kabla hajaisema? Halafu akatuambia neno lililonikaa mpaka leo. Alisema, ukimaliza hayo yote, jiulize shahidi huyu anapata nini ukimwamini.

Tena akasema karatasi nayo ni shahidi kama mtu. Tusiiogope kwa sababu ina muhuri. Kuna mtu aliiandika, na labda hakuwahi kumwona huyo anayemwandika.

Sasa tufanye hivyo, mimi na wewe. Kemboi hakuona. Aliambiwa na askari, na hatujui kama askari mwenyewe aliona. Tumweke kando, lakini tusimtupe. Mtafute mtu aliyekuwa ndani ya kambi ile. Wapo wanaoanza kutoka, Shabir atasikia kabla ya mtu yeyote, duka lake ndilo redio ya Lanet.

Na ile karatasi, mama, inakili yote, kila neno na kila tarakimu, usiache kitu hata kama unaona hakina maana. Hasa ile namba. Namba hiyo si ya kipande, itakuwa namba waliyompa kambini, na kila mtu ana yake. Angalia kama kuna kitu chochote nyumbani ambacho baba aliandika tangu achukuliwe, hata kipande cha karatasi. Nimesikia huwa wanaandika namba yao juu. Ukizilinganisha utajua siku hiyo hiyo.

Ninajua ninakuandikia kama mwalimu. Nisamehe. Nikiacha kuandika hivi nitalia tu, na karatasi za chuo ni za kuomba.

Binti yako akupendaye,
Wangu


Dundori
Tarehe 1 mwezi wa nne, 1956

Kwa mwanangu Wangu, bi mwalimu,

Leo ni Pasaka. Nakusalimu kwa furaha ya Bwana aliyefufuka. Mama Wachuka anakusalimu mara mbili kama ulivyomtumia, na ya tatu juu. Wachuka mdogo anakusalimu, anavaa ile gauni yako ya zamani, imekatwa mpaka kwenye magoti, imemkaa vizuri. Chepkemboi anakusalimu, Makokha na mke wake wanakusalimu, Shabir naye pia ingawa si sikukuu yake. Mbuzi wako sina neno baya juu yake isipokuwa amekula ua la Makokha.

Barua yako nilisomewa na mimi mwenyewe, yaani nilijisomea kwa sauti, Mama Wachuka akisikiliza. Ile sehemu ya mwalimu na mashahidi ilimpendeza sana. Tangu hapo hakuna mtu anayempita bila kuulizwa. Chepkemboi alisema mvua itanyesha, Mama Wachuka akamwuliza, "Uliona au uliambiwa?" Chepkemboi akasema, "Nimeambiwa na goti langu." Tumecheka wiki nzima kwa hilo. Pareto yenyewe imechanua sana, nyapara anatutembeza mbio, lakini tukiwa wawili kwenye mstari mmoja kikapu kinajaa kabla hujajua.

Sasa nikujibu uliyoniuliza.

Shabir alisikia kweli, kama ulivyosema. Kuna mtu anaitwa Nderitu ametoka kambini, yuko kwa dada yake karibu na reli. Nilimfuata Jumamosi. Ni mtu mpole, amekonda, akishika kikombe anakishika kwa mikono miwili. Anasema aliwaona Mathenge wote wawili mwezi wa kumi na mbili, walikuwa kibanda kimoja. Halafu yeye akahamishwa kabla ya mwaka mpya. Kwa hiyo aliona, lakini hakuwapo siku yenyewe. Hakumbuki nani kati yao aliyekuwa akiumwa. Basi Nderitu hatusaidii.

Kemboi nilimwuliza tena. Anasema askari alimwambia aliyekufa alikuwa mtu mrefu.

Karatasi nimeinakili. Inasema, Mathenge mwana wa Ndung'u, mtu wa Nakuru, amefariki tarehe 9 Januari 1956, homa ya matumbo, jamaa waarifiwe, halafu sahihi ambayo haisomeki. Ile namba imefutika kwa maji ya mvua, imebaki wino tu kama mguu wa kuku.

Kitu cha mkono wa baba yako hapa nyumbani hakuna. Nimetafuta.

Kwa hiyo mwanangu unaona hatuwezi kujua. Labda ni hivyo Mungu alivyotaka kwa sasa, tuendelee kungoja, wote wawili watarudi au mmoja atarudi, tutaona kwa macho yetu siku hiyo. Hapa hatuna shida kubwa. Jioni tunakaa mimi na yeye tukipukuchua mahindi, naye ananieleza mambo ya wanaume wetu walipokuwa vijana, ambayo sikuyajua, jinsi mmoja wa mama zao akiita Mathenge wote walikuwa wanajificha. Miaka hii mitatu nilikuwa nazungumza na sufuria. Sasa kuna mtu wa kunijibu.

Wewe soma tu. Hiyo kazi ya mwalimu andika juu ya jambo lingine, la njaa au la nzige. Usijisumbue na hili.

Nijibu upesi uniambie kama umeacha kulia.

Ni mama yako,
Wanjugu


Chuo cha Walimu wa Kike
Nyanza Kaskazini
12 Aprili 1956

Mama,

Sijaacha kulia.

Barua zako zote ninazo, tangu siku ya kwanza niliyokuja huku, zimo chini ya nguo. Jumapili, wenzangu walipokwenda mtoni, niliziweka mbili za mwisho juu ya kitanda, moja kando ya nyingine, nikazisoma kama Bi Nanyama anavyotufundisha. Sikutaka. Mkono ulifanya wenyewe.

Tarehe nne Machi uliniandikia kwamba askari alimwambia Kemboi aliyekufa ni mfupi. Tarehe moja Aprili amekuwa mrefu. Kemboi ni mwongo wa simba na ng'ombe, lakini mwongo huyo huwa anaongeza simba, habadilishi.

Tarehe nne Machi uliniambia karatasi imo ndani ya Biblia, ndani ya sanduku, haiwezi kuloa. Tarehe moja Aprili imenyeshewa. Mvua hiyo ilifuta namba peke yake, ikaacha jina, tarehe, ugonjwa na sahihi isiyosomeka.

Nikachimba chini zaidi. Ninayo barua yako ya tarehe 14 Agosti mwaka jana. Unasema hivi, naandika kama ulivyoandika: "Baba yako amepata ruhusa ya kuandika, anakusalimu, anasema usome kwa bidii usimwonee huruma." Uliisoma wapi salamu hiyo, mama? Na karatasi hiyo iko wapi? Wewe hujawahi kutupa karatasi maishani mwako. Unayo mpaka karatasi ya sabuni ya harusi yako.

Nimekaa na swali lile la mwisho, kwamba shahidi anapata nini tukimwamini. Nimelijaribu kwa Kemboi, kwa Nderitu, kwa Makokha, kwa serikali. Halafu nikabaki na mmoja ambaye sikuwa nimemwuliza. Sikupenda kumwuliza. Ni yeye aliyenifundisha kusema kweli, alinichapa kwa ajili ya sukari.

Mama, kama baba amekufa, niambie, nitavumilia. Kama yu hai, niambie, maana kila siku ninamzika na kumfufua, na nina miaka kumi na tisa tu. Na kama ni Mathenge wa Wachuka aliyekufa, basi yuko mtu mwingine ambaye ana haki ya kujua kabla yangu, na anakula nawe sufuria moja.

Binti yako,
Wangu


Chuo cha Walimu wa Kike
6 Mei 1956

Mama yangu,

Hii ni fupi. Wiki tatu zimepita, sijapata jibu. Nilikuandikia kwa ukali na ninajuta ukali, lakini swali silijutii. Nimemwuliza bibi wa posta hapa mara nne, sasa akiniona tu anatikisa kichwa. Kama unaumwa, Makokha aniandikie. Kama una hasira, niandikie hasira yako, nitaisoma.

Sijamwandikia Ndung'u neno lolote. Ameniletea barua kutoka Naivasha, anauliza kama nimesikia kitu juu ya baba yake. Nimeiacha mezani. Nikimjibu kwamba sijui, nitakuwa nimedanganya pia.

Wangu


Dundori
Tarehe 20 mwezi wa tano, 1956

Wangu,

Leo sianzi kwa salamu. Baba yako hakufa. Soma tena. Baba yako hakufa, aliyekufa ni Mathenge wa Wachuka.

Barua ya baba yako ya mwaka jana ninayo. Juu yake ameandika 6082. Karatasi ya serikali ina namba 4417, haina maji hata tone moja. Mimi sikuwa najua namba hizo zina maana gani. Nilifikiri ni mambo ya ofisi. Ni wewe uliyenifungua macho kwa barua yako. Siku ilipofika nilimsomea Mama Wachuka sehemu ya mwalimu, ile ya namba nikairuka. Yeye alipokwenda kuchota maji nikafungua sanduku nikaziweka mbili pamoja. Mwanangu, nilipiga magoti nikamshukuru Mungu, na bado niko hapo chini nikamsikia akiimba akirudi na debe kichwani, nikazirudisha haraka haraka kama mwizi.

Kwa Nderitu kuna jambo nilimwuliza nisilokuandikia. Nilimwuliza kama mtu akihamishwa namba inabadilika. Akasema, "Hapana mama, hiyo namba ni yako kama sikio lako." Pia alikumbuka vizuri aliyekuwa akiumwa. Yule mfupi, mwenye mzaha.

Kemboi alisema mfupi mara zote mbili. Urefu niliuongeza mimi.

Uliuliza shahidi anapata nini. Nitakuambia. Alikuwa anapata mtu wa kusema naye. Miaka mitatu wewe uko shule, baba yako yuko huko, watu wa shamba wengi wakahamishwa, nyumba hii ikawa kimya mpaka nikawa namuaga mbuzi nikienda kazini. Karatasi ile ndiyo iliyomleta Mama Wachuka mlangoni kwangu. Alikuja kwa sababu tulikuwa sawa. Nikajua siku nitakayomwambia hatutakuwa sawa tena, yeye atakuwa mjane na mimi nitakuwa yule ambaye wake yu hai. Nikasema ngoja Pasaka ipite. Ikapita. Nikasema ngoja mvua ipungue. Na wewe nikakuacha na hofu, kwa sababu ungejua ungemwambia Ndung'u, nyinyi hamfichani kitu. Hilo ndilo baya kuliko yote na sijui nikuombeje msamaha kwa kalamu.

Barua yako ya ukali niliisoma, nikaificha, nikaisoma tena. Ile fupi ilifika Alhamisi. Leo tulipotoka kanisani nikamwambia Mama Wachuka akae. Nikaweka karatasi mbili juu ya ungo. Kusoma hajui, lakini tarakimu anazijua, kwa sababu ya tiketi. Nikamwambia hii ni ya serikali, na hii aliandika Mathenge wa Wangu kwa mkono wake mwaka jana. Akaweka kidole. Nne, nne, moja, saba. Akahamisha kidole. Sita, sifuri, nane, mbili. Akarudia mara tatu. Wachuka mdogo akafikiri ni mchezo, akawa anahesabu pamoja naye.

Akasema, "Si mtu mmoja."

Nikasema, "Si mtu mmoja."

"Ulijua lini?"

"Barua ya Wangu ilipokuja. Mwezi wa tatu."

"Na ile siku nilipokuambia nimemwota amevaa koti, anaomba maji ya kuoga, ukaniambia ni ishara nzuri?"

Nikasema, "Nilikuwa najua."

Hakupiga kelele, Wangu. Ningefurahi angepiga kelele, angetupa ungo. Alimchukua mtoto akamkalisha mapajani, akamfunga kifungo cha gauni ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. Halafu akasema, "Chukua kalamu. Ndung'u lazima ajue, na mimi siwezi kuandika."

Nikaandika alivyosema. Kwa Ndung'u wa Mathenge, Naivasha, baba yako amefariki kambini tarehe tisa mwezi wa kwanza kwa homa, nyoa kichwa, usije kwa miguu, mimi mama yako nitakuja huko. Alikuwa anasema neno moja, ananingoja nimalize, anasema lingine. Nilipofika mwisho nikamwuliza, kwa sababu ya mafundisho yako, "Nikiandika umejuaje, niseme nani amekuambia?"

Akanitazama. Akasema, "Andika hivi. Nimeambiwa na Wanjugu, mke wa Mathenge wa Wangu, aliyejua tangu mwezi wa tatu akanyamaza."

Nikaandika. Kila neno, na jina langu nikaliandika lote.

Nikakunja nikampa. Hakuifunga. Aliinuka, akafunga kitambaa kichwani, akaenda na barua mpaka nyumbani kwa karani Makokha. Nilifikiri anaenda kuomba bahasha. Chepkemboi ameniambia baadaye, naye aliona kwa macho yake, alikuwa amepeleka maziwa hapo. Alimpa Makokha barua akamwambia, "Nisomee yote, usiruke kitu. Nataka kujua kama ameandika nilivyosema." Makokha akasoma mpaka mwisho, akavua miwani. Akamwambia, "Ndivyo alivyoandika." Akaomba asomewe mara ya pili.

Saa hii amerudi nyumba yake. Blanketi amechukua. Sufuria yake ameisugua kwanza, ndipo akaichukua. Keshokutwa anapanda lori la Kemboi kwenda Naivasha kwa mwanawe, na kama atarudi hapa Dundori hakuniambia, nami sikuwa na uso wa kumwuliza.

Sasa wewe mwandikie Ndung'u. Mwambie namba zote mbili, mwambie maneno ya Nderitu, mwambie anapokaa Nderitu ili akamwulize mwenyewe. Usimwambie umetoa kwangu peke yangu.

Na mimi niandikie. Sikuombi unisamehe katika barua hiyo, niandikie chochote tu, hata habari za samaki. Andika upesi, Wangu. Usingoje mwisho wa juma.

Mama yako,
Wanjugu